Herufi za Pasaka

Bombolulu, Mombasa
15 Januari 1989

Ndugu yangu Nzai,

Salamu nyingi. Natumai ulifika salama, na baridi ya huko bara haijakulaza. Sisi hatujambo. Joto limezidi, karakanani tunafanya kazi milango wazi, na bado waya wa shaba unateleza mikononi kwa jasho. Wiki hii tunatengeneza vipuli vya watalii, vidogo kama mbegu za papai.

Nina jambo, nami nitalisema waziwazi, maana nikilizungusha utajifanya hukulielewa. Ile Jumapili ya mwisho wa mwaka uliposimama kanisani Chaani ukahubiri Isaya, ya kwamba nyika itachanua maua na kiwete ataruka kama kulungu, ulihubiri vizuri. Nilifurahi kukuona ndani ya koti la marehemu baba. Lakini ulipofika penye kulungu, ulinitazama mimi. Sijui kama unajua. Mama alikuona. Kanisa zima liliona.

Basi ulipoondoka tu, Mama alikwenda kwa Mchungaji Musyoka, wakakubaliana kwamba Jumapili ya Pasaka nitaombewa mbele ya watu, niache magongo na vyuma vya miguu. Matangazo yameshatolewa. Juzi mwanamke nisiyemjua alinisimamisha sokoni Kongowea. "Ndiwe yule atakayetembea?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mbona natembea sasa? Au hapa nimefikaje?" Akacheka, akadhani ni mzaha.

Sikuandikii kukulaumu. Wewe unajifunza Kiebrania, basi nisomee. Isaya alisema nini hasa, na alisema na nani? Mimi ninayo Biblia ya Kiswahili tu, nayo kila niifunguapo naona neno lile lile.

Dada yako,
Kahaso


Chuoni, Nairobi
29 Januari 1989

Dada yangu mpendwa Kahaso,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Barua yako imenifikia nikiwa mezani na kamusi, na nilipoisoma nilitamka "Amina" kwa sauti hata mwenzangu wa chumbani akageuka. Dada, hivi huoni? Mimi sikupanga kukutazama. Kama nilikutazama, basi macho yaliongozwa!

Nimetii, nimekusomea. Kiebrania huenda kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu cha Mwanasaumu, jirani yako, na mimi bado ni mtoto mchanga ndani yake. Mistari miwili ilinichukua alasiri nzima. Nabii anasema na watu waliovunjika moyo, walionyang'anywa nchi yao au walio karibu kunyang'anywa. Mwalimu wetu anasema wataalamu hawapatani juu ya wakati. Kulungu wake ni *ayal*. Na kuruka kwake si kule kwa mtu anayevuka kidimbwi. Ni kuruka kwa mnyama aliye mzima, anayeruka kwa sababu tu ana miguu.

Wayahudi waliyasoma maneno hayo wakingoja. Sisi twasema aliyengojwa amekuja. Unakumbuka Yohana alipokuwa gerezani akatuma watu wamwulize Bwana, "Wewe ndiwe, au tumngoje mwingine?" Alijibiwa kwa maneno ya Isaya: vipofu wanaona, viwete wanatembea. Kwa nini basi isiwe wewe? Kwa nini isiwe Chaani?

Mimi na wenzangu tunafunga kila Ijumaa kwa ajili yako. Amini tu, dada. Usiruhusu shaka iingie hata kwa tundu la sindano.

Ndugu yako katika Kristo,
Nzai


Bombolulu
19 Februari 1989

Ndugu yangu Nzai,

Asante kwa kulungu. Nimemfikiria sana nikikunja waya.

Mama alikuja Jumatano, amebeba kitu ndani ya kanga. Viatu vyekundu, vyenye kisigino. Aliviweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya koleo na nyundo, na wenzangu wote wakaacha kazi. Hapa karakanani tuko walemavu thelathini na zaidi, Nzai, na hakuna hata mmoja anayeweza kuvaa kiatu kile. Mama hakuliona hilo. Alikuwa akinitazama mimi, anatabasamu kama msichana. Nikamwambia ni vizuri sana. Ungekuwapo ungesema vingine?

Sasa nina swali. Manabii wako ni wengi. Je, wote wamesema kama Isaya? Na jingine: mpaka siku ile ifike, huyo kiwete yuko wapi? Watu wa Mungu wanapokwenda, yeye anakwenda nao, au amewekwa kando ya njia angoje kuponywa kwanza ndipo aitwe?

Swali hili si langu peke yangu. Tunaye fundi hapa, Mwarandu, wa kwao Ganze, anayeunda viti vya magurudumu. Naye anakalia kimoja, tangu alipoanguka mnazini akigema tembo. Ndiye aliyeuliza hivyo siku moja tukila chakula cha mchana. Nikasema nina ndugu yangu msomi, nitamwuliza.

Mengine tutaongea ukija.

Kahaso


Chuoni, Nairobi
5 Machi 1989

Dada mpendwa,

Swali lako na la huyo fundi limefungua jambo ambalo sikulitafuta.

Nilikwenda kwa Yeremia. Yeye naye anaona watu wakirudi kutoka uhamishoni, mkutano mkubwa sana, na ndani yake anawataja kwa jina la hali zao: kipofu, na kiwete, na mwenye mimba, na mwenye uchungu wa kuzaa, wote pamoja. Hasemi kwamba waliponywa kwanza. Nilishangaa kidogo. Lakini ngoja, silo hilo nililotaka kukuambia.

Neno la kiwete ni *piseakh*. Nikaliandika daftarini, nikalitazama, nikaruka kitini. Herufi zake ni zile zile za Pasaka! Zamani Kiebrania kiliandikwa bila irabu, kwa hiyo kwenye ngozi walizoandikia maneno hayo mawili hayatofautiani hata kwa nukta. Nikakimbia kwa mwalimu. Akacheka akasema kufanana kwa herufi si kufanana kwa maana. Kisha akanionyesha jambo kubwa zaidi. Kabla ya Bwana wetu kuzaliwa, Wayahudi waliofasiri maandiko kwa Kiyunani walipofika mstari huo wa Yeremia, waliusoma vingine. Kwao hakuna kipofu wala kiwete. Mahali pao pameandikwa kwamba watu watarudi *katika sikukuu ya Pasaka*!

Umeona, dada? Pasaka inafika, na kiwete hayupo tena! Nani angeweza kubuni ishara kama hii? Nimemwandikia Mama pia, nikamwomba Margret wa kanisani amsomee. Jumapili ile nitakuwa kwenye magoti yangu tangu asubuhi.

Vaa vile viatu.

Nzai


Chuoni, Nairobi
16 Aprili 1989

Dada Kahaso,

Pasaka imepita, na hii ni barua yangu ya pili tangu siku ile. Hujibu. Mama hajibu. Kila posta inapoletwa ninakuwa wa kwanza mlangoni. Wenzangu wameacha kuniuliza.

Niambie lolote.

Nzai


Chaani, Changamwe
30 Aprili 1989

Mwanangu Nzai,

Ni mimi mama yako Jumwa. Anayeandika ni Margret, katibu wa akina mama hapa kanisani. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipambe.

Barua zako dada yako amezipata. Hawezi kuandika, mkono uko kwenye plasta. Usishtuke. Ni kifundo cha mkono, si shingo.

Siku ya Pasaka watu walijaa mpaka wakasimama nje madirishani. Kwanza ilisomwa barua yako ile uliyoniletea, ya herufi. Watu walipiga vigelegele. Mchungaji akasema, "Mmesikia? Hata Kiebrania kimeshuhudia!" Kisha wakaomba. Waliomba, Nzai, usifikiri hawakuomba. Vyuma nilivifungua mimi, na viatu nilimvika mimi kwa mikono yangu. Magongo yakawekwa madhabahuni. Akainuliwa. Akasimama! Niliona kwa macho haya. Mama mmoja huku na mama mmoja huku wamemshika kwapani, lakini alisimama, mrefu kama baba yako. Sikuwa najua kuwa mwanangu ni mrefu.

Mchungaji akasema, "Mwachieni." Wakamwachia.

Basi. Baadaye Mchungaji alisema huenda kuna dhambi imefichwa. Nikamwuliza dada yako nyumbani, kuna nini? Akaniambia kuna mwanamume. Anaitwa Mwarandu, na wameshakubaliana kuoana. Na huyo mwanamume naye hatembei! Mimi nimebeba mmoja miaka yote hii, sasa naletewa wa pili. Nani atamtekea mwenzake maji? Tukagombana kwa hilo. Sasa haji Chaani, nami siendi Bombolulu. Mwandikie wewe. Mwambie amwache, atubu, tuombe tena.

Mama yako,
Jumwa

*Nzai, haya ni yangu mimi Margret, naye sitamsomea. Kahaso alipoanguka hakulia. Alisema, "Nipeni magongo yangu." Kila mmoja akamtazama Mchungaji kwanza. Akasema tena. Ndipo nikapanda madhabahuni nikayachukua. Najuta kwamba nilingoja aseme mara ya pili.*


Chuoni, Nairobi
7 Mei 1989

Dada,

Nimepata barua ya Mama.

Siku ile mwalimu aliniambia jambo jingine ambalo sikukuandikia. Nilipokuwa narukaruka pale na daftari langu alinitazama akasema, "Nzai, hao wafasiri hawakumponya mtu. Macho yao yaliteleza juu ya herufi, na viwete wakapotea njiani." Nilisikia. Nikaliacha nje ya barua kwa sababu liliniharibia furaha.

Nimemwomba mkuu wa chuo ruhusa ya kuacha masomo. Mtu anayeweza kuchukua herufi akamwangusha nazo dada yake hafai kupewa kundi. Nitatafuta kibarua bandarini kama baba.

Sikuombi ujibu. Kuhusu Mwarandu sitakuambia alilosema Mama nikuambie.

Nzai


Bombolulu
4 Juni 1989

Ndugu yangu Nzai,

Plasta imetolewa. Mwandiko bado unapepesuka, univumilie. Koleo nimelishika jana kwa mara ya kwanza; vipuli vyangu vimetoka vimepindapinda kama meno ya nyanya yetu, lakini msimamizi amecheka tu.

Kwanza uache upuuzi wa bandarini. Makuli ni wengi. Aliyeketi penye ile ngozi akaweza kusema, hapa pameandikwa kiwete, wala si sikukuu, kwetu ni nani mwingine? Ukiondoka wewe, Mchungaji Musyoka atasomewa na nani?

Pili, nataka ujue jambo ambalo Mama hawezi kukuambia, kwa kuwa halijui. Wewe na yeye mnadhani nilisukumwa. Sikusukumwa. Nilitaka. Nilikuandikia maswali ya kejeli mchana, lakini nikiwa peke yangu nilivivaa vile viatu nikiwa nimekaa kitandani, nikavitazama. Asubuhi ya Pasaka niliamini kuliko wote mle ndani. Na nilikuwa na hofu moja tu: nikitembea, je, bado nitamtaka Mwarandu? Au nitamwona kama wale wa sokoni wanavyoniona? Niliona aibu kuwa na swali hilo, ndiyo maana sikumtaja kwako ila kama fundi. Nilipokuwa chini sakafuni nililia moyoni kwa mambo mawili pamoja, na mojawapo lilikuwa karibu na furaha. Sijui kama Wakristo wanaruhusiwa kusema hivyo. Nimekuambia wewe.

Mwarandu nilimweleza yote. Akasema, "Mimi nikiponywa kesho nitakwenda kuutazama ule mnazi kwanza. Kisha nitarudi hapa." Basi.

Sasa tuje kwa nabii wako. Nimeusoma huo mstari wa Yeremia katika Kiswahili chetu, nao upo, sisi tumo. Wewe uliupita haraka ukikimbilia herufi. Turudi taratibu. Kiwete yumo katika mkutano, na mwenye uchungu wa kuzaa yumo. Uliwahi kutembea na mwanamke aliyeshikwa na uchungu? Mimi nilifuatana na Mwanasaumu kwenda hospitali mwaka juzi, yeye na tumbo lake, mimi na magongo yangu. Kila hatua chache anasimama, anashika ukuta, anasema, "Wallahi dada, nenda tu." Unakwenda wapi? Unasimama naye. Basi kama watu hao wamo ndani ya mkutano, mkutano mzima unakwenda mwendo wao. Hakuna namna nyingine. Mungu mwenyewe anayewaongoza anakwenda mwendo huo.

Isaya simtupi. Siku ya kuruka ikija, nitaruka. Lakini yeye alisema juu ya kufika, na Yeremia amesema juu ya njiani, na mimi ninaishi njiani. Nadhani hao wafasiri hawakuwa watu wabaya. Walipenda sikukuu, nayo sikukuu ni rahisi kuisoma kuliko sisi.

Tunaoana Jumamosi ya kumi na tisa Agosti, katika kanisa dogo la hapa Ziwa la Ng'ombe. Mama amesema hatakuja. Njoo wewe.

Dada yako,
Kahaso


Chuoni, Nairobi
18 Juni 1989

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Margret, tafadhali msomee Mama nyumbani kwake, mkiwa wawili tu. Isisomwe kanisani.

Mama, ile barua ya herufi ilikuwa na kosa, nalo lilikuwa langu, si la Kahaso. Hakuna dhambi aliyoficha. Mimi niliona neno nililotaka kuliona. Nimekwisha kumwandikia Mchungaji Musyoka hivyo hivyo, kwa heshima, na kama atanikataza kuhubiri Chaani nitakubali.

Nabii yule anasema Mungu atawarudisha watu wake, na viwete wakiwa kati yao, wakiwa bado viwete. Nilipolielewa hilo nilikukumbuka wewe. Tulipohama Kaloleni, Kahaso alikuwa mkubwa wa kutosha kukulemea, na vyuma alikuwa hana. Shangazi akasema aachwe kwa nyanya mpaka tutulie mjini. Nawe ukasema, "Akibaki yeye, nabaki mimi." Baba akatua mzigo. Ukambeba, ukachoka, ukaketi; Baba akambeba, akachoka, akaketi. Basi likatuacha tukiliona. Mimi nililia kwa hasira, na wewe ukaniambia, "Lipo jingine."

Mimi nimekwenda chuo kujifunza maneno hayo, Mama, na wewe ulikuwa umeshayafanya.

Unauliza nani atamtekea mwenzake maji. Sijui. Nenda ukaone. Mimi nitakuwapo tarehe kumi na tisa.

Mwanao,
Nzai

*Margret, yale maneno yako ya mwisho nimeyahifadhi moyoni. Asante.*


Ziwa la Ng'ombe
27 Agosti 1989

Ndugu yangu Nzai,

Natumai treni haikukuchelewesha. Ulipoondoka Jumapili ulikuwa na uso wa mtu aliyeacha kitu, kwa hiyo nakuandikia mapema.

Watu bado wanaisimulia harusi. Wanasema bibi arusi na bwana arusi na jamaa zao wa karakanani walikwenda polepole hata nyimbo zikaisha kabla hawajafika penye wali, ikabidi zianzwe upya. Na Mwanasaumu anasema uliposoma kile Kiebrania chako alishtuka, akadhani ni Kiarabu kilichopata ajali. Neno moja alilielewa, anasema, lakini amekataa kuniambia ni lipi mpaka umwulize mwenyewe kwa adabu.

Ulimwona Mama akiingia kanisani nyuma kabisa na kukaa karibu na mlango, kama mtu anayepita tu. Ulimwona akila. Usiyoyaona ni haya.

Alikaa kwetu mpaka Jumatatu. Asubuhi alimtazama Mwarandu akiteka maji. Mwarandu ameunganisha kigari kidogo nyuma ya kiti chake, mitungi miwili inakaa humo. Huenda bombani na kurudi bila kumwaga. Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni. Aliporudi safari ya pili Mama akamwuliza, "Wewe kijana, hicho kigari umeunda mwenyewe?" "Naam, Mama." "Magurudumu yanalia. Yatie mafuta." Akasema, "Haya, Mama, nitayatia." Nikajua mambo yatatulia.

Kisha akaingia ndani, akanikuta nimekaa kitandani navaa vyuma. Akasema, "Acha kwanza." Akachukua chupa ya mafuta ya nazi dirishani, akaketi chini kwenye mkeka, akaiweka miguu yangu mapajani mwake. Nikajikaza. Wewe wajua, tangu nilipougua nikiwa mtoto, Mama hajawahi kuigusa miguu hii bila kuiombea. Nilingoja aanze. Midomo ilikuwa imefungwa. Alikuwa akipaka tu, kuanzia gotini kushuka, taratibu, kama anayepaka mtoto aliyetoka kuoga. Akafika pale ambapo chuma kinanisugua, pamekuwa pagumu kama kisigino.

"Hapa panauma?" akaniuliza.

Miaka yote hiyo, Nzai, hakuwahi kuniuliza.

"Panauma," nikamwambia. "Hasa wakati wa mvua."

Akatia mafuta mengine kiganjani, akarudi pale pale.

Dada yako,
Kahaso